Naombeni ushauri: ekari 5 Kongwa, nipande mbegu gani inayohimili ukame?

Mkulima_Mbezi: Wakuu, habari zenu. Naishi Mbezi, shamba liko Kongwa, Dodoma. Mvua za Desemba zinakaribia na roho haitulii. Nitajieni mbegu ya uhakika.

Shamba Darasa: Mkuu, kule msimu ni mmoja, Desemba hadi Aprili, na katikati mvua hukata, mara nyingi Februari. Ukame ukiyakuta mahindi yanachanua, mbelewele humwaga chavua kabla ndevu hazijatoka, gunzi linabaki bila punje. Mtama hukunja majani ukasubiri. Panda mtama aina ya Macia: mfupi, mweupe, unga wake mzuri. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo 30, bakiza miche 2. Kilo 4 zinatosha ekari.

Binti_Kariakoo: Nyie wa Dar mnalima kwa simu. Kweleakwelea watafukuzwa na nani punje zikiwa na maziwa? Shamba linataka mtu.

Mkulima_Mbezi: Mdogo wangu yupo kule. Ila mtama soko lake gumu.

Shamba Darasa: Unauliza au umeshaamua? Mbegu umeshapata?

Mkulima_Mbezi: Ninazo kilo 50 za mahindi. Mjomba alipanda chotara la kuhimili ukame, akanichagulia punje kubwa kwenye mavuno yake. Nimezijaribu, zinaota vizuri. Kwa nini nizitupe?

Jembe la Mkono: Kuota si hoja. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili tofauti. Ukipanda punje zake sifa zinatawanyika, mengine yanachanua mapema, mengine yanachelewa, mavuno yanashuka. Ukubwa wa punje haukuonyeshi ipi imebeba uhimilivu. Hizo saga unga. Ukitaka mahindi ya kurudia mbegu, tafuta yasiyo chotara, kama Situka au TMV-1, pakiti iwe na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu.

Kaka_Kigamboni: Huu uzi umetungwa. Mwenye shamba hataji udongo wala zao la msimu uliopita? Kesho atatuuzia mbegu.

Mkulima_Mbezi: Siuzi kitu, ndugu yangu. Udongo mwekundu wa kichanga. Ulikuwepo mtama wa kienyeji, ukadumaa, na chini yake vikajaa vimajani vya maua mekundu.

Jembe la Mkono: Ungeanza na hilo! Hicho ni kiduha. Kinanyonya mizizi ya mtama na mahindi, mmea unanyauka hata udongo ukiwa na unyevu, watu wanasingizia ukame. Kwako Macia naiondoa. Ulizia mtama wa Hakika au Wahi kwa TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo. Zilitolewa 2002 kwa mashamba ya namna hiyo. Penye kiduha kingi zaidi panda kunde: mizizi yake inakiamsha, kinakosa cha kunyonya, kinakufa. Kinachochomoza king'olewe kabla ya kutoa mbegu, maana zinakaa ardhini miaka mingi. Na matuta yafungwe kwa vikingo kila mita 2, maji yasikimbie.

Mkulima_Mbezi: Nimeelewa. Ila ekari moja naitenga kwa mahindi ya mjomba.

Jembe la Mkono: Itenge, ila mbali na hapo penye maua mekundu.

Mkulima_Mbezi: Kunde kilo ngapi kwa ekari?

Shamba Darasa: 8 hadi 10.