Nakoroga wingu la rubidi-87, voteksi hazitokei

mtego_baridi
Wakuu, nina kondenseti ya rubidi-87 (wingu la atomi baridi mno zinazoenda kama wimbi moja), atomi kama 300,000, kwenye mtego wa sumaku ambamo atomi huyumba kwa 100 Hz kwa upana na 10 Hz kwa urefu. Naikoroga kwa miali miwili ya leza inayozunguka kwa 50 Hz, milisekunde 300. Nazima mtego papo hapo, naacha wingu litanuke milisekunde 25, napiga picha. Kwa hesabu ya nishati, voteksi ya kwanza (kizingia kidogo kinachoonekana pichani kama kitundu) inaruhusiwa kuanzia mzunguko wa takriban 30 Hz. Mbona wingu ni laini tu, halina hata kitundu kimoja?

mwiko_wa_leza
Kuruhusiwa ni jambo moja, kuingia ni jingine. Voteksi huingilia ukingoni, na pale kuna kizuizi hadi uso wa wingu wenyewe uyumbe. Mwiko wa ncha mbili, yaani miali yako miwili, huchochea mtikisiko wa umbo la duaradufu, wenye frikwensi ya √2 mara ya mtego. Umbo hilo hujirudia kila nusu mzunguko, kwa hiyo zungusha kwa 100/√2, karibu 71 Hz. Ndiyo maana kundi la Paris mwaka 2000 lilipata voteksi karibu na 0.7 ya frikwensi ya mtego. Ukikaribia 100 Hz, msukumo wa kwenda nje unaumeza mtego na atomi zinatawanyika.

Usiongeze nguvu ya leza! Kupotosha uduara wa mtego kwa asilimia chache kunatosha. Zaidi ya hapo unapasha joto tu. Pia usipige picha mara moja. Zima leza, subiri kama milisekunde 500 ili voteksi zitulie na kujipanga pembetatu.

picha_kivuli
Kusubiri kuna gharama kama mtego si duara: upotofu uliosimama hula mzunguko. Pima mtikiso wa wingu zima kwa x na kwa y. Tofauti ikifika 1 Hz, irekebishe kwanza.

Kamera itazame sambamba na mhimili wa mzunguko. Ndani ya mtego kitundu kina kama robo ya mikroni, hakionekani. Baada ya milisekunde 25 kila kitu kwa upana kimetanuka mara 15 hivi. Kwa 71 Hz tarajia voteksi 20 na ushee. Zikionekana hafifu, shuku ncha za wingu, maana lina umbo la sigara, ambako voteksi hupinda na kufifisha kivuli.

mtego_baridi
Na kama picha bado ni laini, nitajuaje kwamba wingu linazunguka?

mwiko_wa_leza
Libonyeze kidogo liwe duaradufu, kisha fuatilia mihimili yake. Bila mzunguko, inabaki palepale. Ukiwepo, inageuka polepole, na kasi ya kugeuka inakupa msukumo-mzunguko (kiasi cha mwendo wa kuzunguka) wa kila atomi.