Dola moja ya majaribio imegeuka makato ya kila wiki nne, na benki inaniambia "umeridhia mwenyewe kaka"

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa nimechafukwa, mwenye haraka apite.

Nina steshenari jirani na chuo. Kazi zenyewe mnazijua: kuchapa, kuskani, kudurufu, kupanga CV, kuwasaidia vijana kupakia vyeti kwenye maombi ya ajira. Kuna kijana alikuja na fomu ya PDF ambayo jina lake limekosewa, na dirisha la maombi linafungwa jioni ile ile. Nikaingia mtandaoni kutafuta sehemu ya kurekebisha PDF, ikaja tovuti moja juu kabisa kwenye majibu. Unapakia faili, unafuta, unaandika upya, mambo safi, mwanzoni hawakuulizi hata barua pepe. Sasa bonyeza kupakua uone. Ndipo wanakwambia lipia kwanza, dola moja kasoro senti chache, utumie kwa siku saba.

Ona ufundi wao hapo. Bei hawaitaji mwanzo. Wanakuacha umalize kazi yote, mteja yuko kwenye benchi anatazama saa, halafu ndiyo wanaiweka mezani. Nikalipa. OTP, ile namba ya siri ya kuthibitisha malipo, ikaja kwenye simu, nikaiingiza, faili likashuka, kijana akanilipa changu akaondoka.

Baada ya ile wiki kupita, meseji ya benki ikaingia usiku wa manane: dola 49.99 zimetoka. Kwa kiwango ambacho benki yangu inabadilishia dola, ni zaidi ya laki moja na ishirini. Na jina lililoandikwa kwenye meseji si jina la ile tovuti, ni la kampuni nyingine ambayo sijawahi kuisikia, na mji wa Ulaya nyuma yake. Nikajua kadi imedukuliwa. Nimekuja kugundua ni wao baada ya kulisaka lile jina mtandaoni na kukuta watu wa nchi chungu nzima wanalia kilio kile kile.

Kinachoniuma kuliko hela yenyewe ni hiki. Dola moja iliombewa OTP. Dola hamsini hazikuombewa chochote. Hakuna PIN, hakuna meseji ya "kesho tutakata", hakuna barua pepe. Ni kama umpe bodaboda nauli ya safari moja, halafu kila mwezi aingie chumbani kwako usiku ajichukulie nauli kwa sababu siku ile ulipanda mwenyewe.

Kitaalamu ndivyo mfumo ulivyo, nimeulizia. Ukishalipa mara ya kwanza kwa kadi, mfanyabiashara anabaki na kibali cha kuendelea kukata, na makato yanayofuata anayaanzisha yeye, si wewe. Kwa hiyo ile OTP ya dola moja inahesabika kuwa ridhaa ya yote yanayokuja, kiasi chochote walichokiandika kwenye vigezo na masharti yao.

Halafu angalieni na hesabu. Wanasema "kila wiki nne". Msomaji wa kawaida anaona mwezi. Mwaka una wiki 52, gawa kwa nne, makato ni 13, si 12. Hilo la kumi na tatu ni zawadi yao. Jumla inakaribia dola 650 kwa mwaka kwa kusahihisha jina moja kwenye fomu moja. Kwa steshenari ya mtaani hiyo ni kodi ya fremu ya miezi kadhaa.

Kujitoa sasa. Kujiunga kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kujitoa, kwanza hakuna kitufe kinachoonekana. Kimefichwa ndani ya mipangilio, chini ya akaunti, chini ya mpango wako, kwa rangi ya kijivu juu ya nyeupe. Ukikipata wanakuuliza sababu. Ukitoa sababu wanakupa nusu bei. Ukikataa nusu bei wanakuuliza kama ungependa kusimamisha kwa muda tu. Ukikataa na hilo wanasema wametuma kiungo cha uthibitisho kwenye barua pepe, nacho kinakuja lini wajuavyo wao. Ukiandika kwa huduma kwa wateja anakujibu roboti mwenye jina la kike, anakusikitikia sana, anakupa kiungo cha ukurasa ule ule uliotoka.

Mjue hizi si ajali za ufundi. Amazon, kampuni kubwa kuliko zote hizi, ilishtakiwa na tume ya biashara ya Marekani, FTC, mwezi Juni 2023 kuhusu huduma yake ya Prime. Kwenye mashtaka ikaelezwa kwamba mtu kujitoa ilibidi apite kurasa nne, mibofyo sita na machaguo kumi na tano, na kwamba ndani ya kampuni mlolongo huo ulikuwa na jina lake: Iliad, ule utenzi mrefu wa Kigiriki wa vita vya Troy. Yaani walijua kabisa wanampeleka mteja vitani, mpaka mlolongo wakaupa jina. Septemba 2025 wakakubali kulipa dola bilioni 2.5, bilioni 1 ikiwa faini na 1.5 ya kurudishia wateja, bila kukiri kosa. Sasa kama Amazon inafanya hivyo kwa Wamarekani wenye mawakili, hivi vijitovuti visivyojulikana ofisi yao iko wapi vitamhurumia mtu wa Morogoro?

Turudi nyumbani. Nimekwenda tawini. Dada wa dawati akanisikiliza vizuri, sina ugomvi naye, ila jibu likawa "kaka, hii umeridhia mwenyewe, sisi hatuwezi kuizuia, labda tufunge kadi tukupe nyingine". Kadi nyingine inalipiwa. Na hata hiyo si dawa ya uhakika, kwa sababu Visa na Mastercard wana huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya ya kadi pale benki inapoibadilisha, kwa benki zilizojiunga nayo. Nikamuuliza kama benki yetu imo. Akaenda nyuma, akarudi, akasema atanipigia. Simu hiyo naisubiri mpaka leo.

Na kuna hili lingine ambalo sikulijua: salio likiwa halitoshi hawakati tamaa. Wanajaribu tena siku nyingine, na nyingine. Nilidhani nimewakomesha kwa kuhamishia hela kwenye simu, kumbe wanavizia. Mteja wa jumla alipolipia kazi ya vitabu vya risiti, hela imeingia asubuhi, jioni wameshachukua chao.

Nimeshawaona wanaonijibu "ungesoma vigezo na masharti". Nyie ndugu zangu mnanichosha. Bei ya majaribio imeandikwa kwa maandishi makubwa kama bango la mgombea. Ile ya dola 49.99 iko chini ya kitufe, herufi ndogo, kijivu, kwa Kiingereza cha mahakamani. Mtu akitaka usome, anaandika usomeke. Wangeweka "baada ya siku saba tutakata laki na ishirini" kwa ukubwa ule ule wa dola moja, nani angebonyeza? Wanalijua jibu, ndiyo maana hawaweki.

Na hizi PDF ni tawi moja tu la ukoo. Antivirusi zinakupa mwaka wa kwanza kwa punguzo la kufa mtu, mwaka wa pili zinajihuisha zenyewe kwa bei kamili ambayo hukuwahi kuiona. Tovuti za CV zinawapiga hasa wasio na ajira, yaani unamkata mtu anayetafuta kazi kwa kosa la kutafuta kazi. Programu za kwenye simu za kuhariri picha, za kujifunza lugha, za kupunguza tumbo, zote "siku tatu bure". Na wengi wanadhani ukiifuta programu kwenye simu basi umemaliza. Hujamaliza. Kuifuta hakusitishi malipo. Ni mpaka uingie kwenye sehemu ya usajili ndani ya Play Store au kwenye mipangilio ya iPhone uikatishe huko.

Wala tusijifanye tumeletewa ugeni huu juzi. Nani hapa hajawahi kukatwa salio la muda wa maongezi kwa wimbo wa mwito wa simu ambao hakuuomba, au meseji za dondoo za mapenzi zinazokula hela kila siku mpaka utume neno la kujiondoa kwenda namba usiyoijua? Ni mchezo ule ule, umehamia kwenye kadi na umeanza kutaja dola.

Wenzetu wengine wameshaukata mzizi, na haikuhitaji miujiza. Ujerumani tangu tarehe 1 Julai 2022 sheria inailazimisha tovuti inayouza huduma za kujirudia kuweka kitufe cha kusitisha mkataba, kinachoonekana na kusomeka. India ndiyo nawapenda zaidi, kwa sababu wao hawakuhangaika kumkimbiza mfanyabiashara aliyeko ng'ambo, wamebana benki. Tangu Oktoba 2021 benki kuu yao inataka mteja ajulishwe angalau saa 24 kabla ya makato ya kujirudia ya kadi, apewe nafasi ya kukataa, na kiasi kikizidi kiwango fulani, siku hizi rupia 15,000 kwa malipo ya kawaida, athibitishe upya. Kilio kilikuwa kikubwa mwanzoni, malipo mengi yalikwama, kampuni zikalalamika. Zikazoea. Marekani wenyewe FTC ilipitisha Oktoba 2024 kanuni ya kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga, mahakama ya rufaa ikaitupa Julai 2025. Hata wao bado wanavutana.

Sisi je? Msiniambie kampuni hizi ziko nje kwa hiyo haziguswi. Sheria ya fedha ya Tanzania ya mwaka 2022 ilileta kodi ya 2% kwa huduma za kidijitali za wasio wakazi, pamoja na utaratibu rahisi wa wao kujisajili na kulipa VAT bila kuwa na ofisi hapa. Kwenye risiti nyingine za huduma za mtandaoni utaiona 18% imekaa pale. Kwa hiyo njia ya kuwafikia ipo ikiwa ni ya kuchukua kodi. Ikiwa ni ya kumrudishia mwananchi hela yake, ghafla mtandao ni mpana na dunia ni kubwa. FCC, tume ya ushindani, tunayo kwa sheria ya mwaka 2003, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki. Naomba mmoja wao aseme kitu kimoja tu: benki itume meseji KABLA ya makato ya kujirudia, si baada. Meseji za matangazo ya mikopo wanatutumia hata Jumapili, hiyo moja itawashinda nini?

Nyongeza, saa nane mchana:

Nashukuru mdau aliyenifuata PM, anaonekana kafanya kazi kitengo cha kadi. Anasema jibu la tawini halikuwa kamili. Kanuni za Visa zinaruhusu mteja kupinga muamala kupitia benki yake, na kuna kipengele kabisa cha malipo ya kujirudia yaliyoendelea baada ya mteja kujitoa, namba 13.2, kwa kawaida ndani ya siku 120. Mastercard nao wana utaratibu wao. Cha muhimu uwe na ushahidi kwamba ulijitoa: picha ya skrini, barua pepe, tarehe. Kwa hiyo msiseme tu "nimekatwa", semeni "napinga muamala", mjaze fomu, mdai nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Mimi kesho asubuhi narudi tawini na karatasi zangu, na safari hii simtafuti dada wa dawati, namtaka meneja.

Kwa mnaouliza mnalipaje kwa usalama: kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, unaiwekea kiasi kile kile cha kulipia na si zaidi. Na ukijiunga na majaribio yoyote, jitoe siku hiyo hiyo. Nyingi zinakuacha utumie mpaka muda uishe.

Jina la tovuti silitaji hapa, sitaki uzi ufutwe. Mwenye kuhitaji anajua pa kuniuliza.

Ninachotaka kutoka kwenu ni kimoja. Mwenye kuijua benki ya hapa nchini ambayo mteja anaweza kuzuia malipo ya kujirudia mwenyewe ndani ya programu ya simu, bila kufunga kadi nzima, aitaje na aseme anaingilia wapi. Akaunti ya duka naihamisha wiki hii.