Mrejesho: lile gobori na mzinga wa zamani

Wakuu, niliuliza kama mkusanyaji aliyeko Marekani anahitaji kibali kumiliki gobori na mzinga mdogo wa kale. Asanteni mlionisisitiza niisome sheria yenyewe.

Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 inaitambua kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, na serikali kuu haiihesabu kuwa bunduki. Kumbe hata nakala iliyoundwa juzi yaweza kuingia humo, mradi haitumii risasi za kisasa zenye ganda! Hapo ndipo nilipokosea, nilidhani umri pekee ndio unaoamua. Mzinga unaoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu wake nao hupita kwa kigezo hichohicho, ila kombora la kulipuka ni habari nyingine kabisa, linadhibitiwa vikali. Baruti nyeusi ya kiwandani kwa silaha hizi inaruhusiwa hadi uzito wa pauni 50 bila leseni.

Tatizo ni majimbo: kila moja laweza kuongeza masharti yake.

Gobori nimeshalichukua. Mzinga bado, nasubiri jibu la jimbo kwa maandishi.