Mjadala: Dunia ikizidi joto, mafua yataisha au yatapoteza msimu?

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba, kwa kuwa mafua makali (influenza) hupamba moto wakati wa kipupwe, dunia ikizidi joto yatapungua yenyewe. Naipinga, tena kwa nguvu, kwa sababu anayeiamini huacha kujiandaa.

Chimbuko lake nalielewa. Mwaka 2007 majaribio ya maabara yalionyesha kuwa virusi vya mafua husambaa vizuri kwenye hewa baridi na kavu, na kwamba katika nyuzijoto 30 wanyama hawakuambukizana kupitia hewa. Lakini mwaka uliofuata ikaonekana kuwa wanyama waliowekwa pamoja waliambukizana katika joto hilohilo. Isitoshe, ukanda wa tropiki una mafua tele. Kwingi huko huzunguka mwaka mzima na mara nyingi hupanda nyakati za mvua. Joto halikuviua virusi; kilichokosekana ni msimu mmoja unaotabirika.

Wapo pia wanaolaumu tabianchi kila msimu unapokwenda kombo. Hao nao wanakimbilia jibu. Virusi vya RSV, vinavyowabana vifua watoto wachanga, vililipuka Australia mwishoni mwa 2020 na Marekani katikati ya 2021, kote huko ikiwa majira ya joto. Hali ya hewa haikupinduka ghafla. Hatua dhidi ya UVIKO-19 zilikuwa zimezuia maambukizi kwa miezi mingi, wakaongezeka watoto wasio na kinga.

Hata hivyo hali ya hewa ina mkono wake. Kipupwe cha 2011–2012 kilikuwa na joto Marekani, na mafua yakawa kidogo. Msimu uliofuata ulianza mapema na ukauma. Waliosalimika mwaka huu ndio kuni za mwaka ujao.

Sasa tuje kwenye uamuzi wenyewe: kalenda ya kinga ifuate mwezi au ifuate vipimo? Shirika la Afya Duniani hupendekeza aina za virusi vya kuwekwa kwenye chanjo ya mafua mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kufuata vipupwe vya kaskazini na kusini mwa dunia. Nirsevimab, dawa ya kumkinga mtoto dhidi ya RSV, hulinda kwa takriban miezi 5. Ikitolewa kwa tarehe ya mazoea na wimbi likachelewa, mtoto atakutana nalo kinga ikiwa imefifia.

Wanaotetea tarehe zisizobadilika wana hoja nzito: dozi huagizwa miezi mingi kabla, na wazazi huzoea ratiba moja. Nakubali kuhusu kuagiza. Ila siku ya kuanza kuzitoa inaweza kusubiri majibu ya vipimo vya wagonjwa wanaolazwa, na pale virusi visipokuwa na msimu, mtoto akingwe anapozaliwa, mwezi wowote ule. Anayeona haiwezekani aeleze kinachokwamisha: fedha, maabara, au nini?