Mjadala: Je, programu za shule hupunguza kweli uonevu miongoni mwa watoto?

Wapo wanaodai kwamba programu za kuzuia uonevu shuleni ni upotevu wa fedha, kwa kuwa zikishaanza malalamiko huongezeka. Napinga, maana mtoto aliyekwisha kuelezwa kwamba kupigwa, kunyang'anywa chakula au kutengwa na wenzake si ada ya kuwa mwanafunzi ataripoti yale aliyokuwa akiyanyamazia, na daftari la mwalimu wa nidhamu litajaa hata kama uonevu wenyewe umepungua. Kipimo cha haki ni dodoso lisilo na majina, linalojazwa na wanafunzi kabla na baada, katika shule zenye programu na zisizo nayo.

Hata hivyo, wanaozisifu programu hizi nao wasiharakishe. Nchini Norway, ambako kampeni ya kitaifa ilianza mwaka 1983 baada ya wavulana watatu kujiua, mtafiti Dan Olweus aliripoti kwamba uonevu katika shule za Bergen ulipungua kwa takriban nusu, ilhali mtafiti mwenzake Erling Roland, akitathmini kampeni hiyohiyo katika mkoa wa Rogaland, hakuona nafuu ya namna hiyo. Shule za Bergen zilisaidiwa na watafiti kwa karibu zaidi, na mimi naamini tofauti kubwa imo humo: kitabu cha mwongozo kikiachwa kabatini hakimlindi mtoto yeyote.

Programu ya KiVa ya Finland, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Turku na inayowalenga hasa wanafunzi watazamaji, yaani wanaoshuhudia wenzao wakionewa, ilijaribiwa kwa shule zilizogawanywa kwa bahati nasibu. Ilifaa zaidi kwa watoto wa madarasa ya chini kuliko kwa vijana. Tafiti nyingi zikijumlishwa, uonevu hupungua kwa karibu asilimia 20. Si muujiza, lakini si bure.

Kwetu Afrika Mashariki kuna swali la kutangulia. Jaribio la programu ya kuzuia ukatili shuleni lililofanywa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, Uganda, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, lilichukua ukatili wa walimu na wafanyakazi wa shule kuwa kipimo kikuu, na ukatili huo ulipungua sana. Wanaopendekeza tuige dodoso la Ulaya, linalouliza kuhusu wanafunzi pekee, watueleze: mtoto anayechapwa na mwalimu asubuhi na kuonewa na kidato cha juu jioni, bwenini, atahesabiwa wapi?