Staa analinda sura yake, ya shangazi yangu kaianika mtandaoni

Wakuu, nimevumilia lakini hili limenishinda.

Juzi katua hapa Bagamoyo staa mmoja wa bongo muvi, kaja kupiga picha. Jina naliacha. Wakashukia soko la samaki, jirani na forodha ya zamani ya Wajerumani, na mabaunsa na mpiga picha wake. Kijana mmoja wa ngalawani akainua simu ampige picha, baunsa akamnyang'anya, akaifuta picha, akamrudishia. Eti dada hapigwi picha ovyo. Sawa. Uso ndiyo kazi yake. Toka enzi za marehemu Kanumba watu walinunua filamu kwa kuangalia sura iliyo kwenye kava. Sina ugomvi na hilo.

Ila muda huohuo mpiga picha wake alikuwa anampiga picha shangazi yangu, anayekaanga pweza pale, na hakuna aliyemuomba ruhusa. Mtu mzima kainamia karai, kanga imemshuka mabegani kwa joto, kichwa wazi. Shangazi hatoki hata dukani bila kujitanda! Leo kila mwenye simu anamuona hivyo.

Na iangalieni picha yenyewe. Dada kalainishwa uso hana hata kipele, mpaka mawingu yametiwa rangi. Shangazi kaachiwa jasho na masizi yake yote, ili aliyesimama kando azidi kung'aa. Chini kaandika "Nimekaa na wanyonge wa Bagamoyo". Hakukaa! Hakununua hata kipande cha pweza. Na shangazi si mnyonge, karai lile limesomesha watoto.

Vijana wanaosoma sanaa TaSUBa, hapahapa mjini, wakija sokoni na kamera wanaanza na shikamoo, wanaomba, wakikataliwa wanaondoka. Huyu mkubwa wao kashindwa nini?

Nimemwandikia kwenye ukurasa wake kwa adabu kabisa aiondoe. Maoni yangu yamefutwa na nimepigwa bloku.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo toka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Haikutungwa kwa ajili ya mastaa peke yao. Mwenye uzoefu wa kupeleka lalamiko kule aniambie tunaanzia wapi, shangazi yuko tayari kwenda mwenyewe. Na mlio karibu na dada huyo mfikishieni: picha aishushe, kisha aje sokoni amuombe radhi mama wa watu.