Tangi la lita 40 la kuzalisha uduvi: sponji ya pampu, filta ya kuning'inia, au mimea mitupu?

Chaza_Tabata (Dar es Salaam)

Habari za humu wakuu. Nina tangi la kioo la lita 40, halina samaki hata mmoja. Nafuga uduvi wekundu tu, wale cheri, Neocaridina davidi kwa jina la kitaalamu. Nilianza na 20 mwezi wa nne, leo nimebaki na 14. Majike matatu wameshabeba mayai, mara ya kwanza mayai yakatoweka tumboni, mara ya pili nikaona vifaranga kama kumi hivi, wiki ikapita sikuona hata mmoja.

Usafi sijauacha. Kila Jumamosi natoa nusu ya maji, nasugua kioo pande zote nne, naosha changarawe kwenye beseni, filta naiosha bombani mpaka kile kisponji cha ndani kirudi rangi yake. Maji mapya natia kutoka bombani. Tangi linameta. Lakini wanakufa mmoja mmoja, na mara nyingi namkuta aliyekufa Jumapili au Jumatatu.

Filta niliyonayo ni ya kuning'inia ukingoni. Nimesikia wengine wanatumia sponji ya pampu ya hewa, wengine hawatumii filta kabisa, mimea tu. Ipi inafaa kwa kuzalisha? Na usafi niongeze uwe mara mbili kwa wiki?

FundiTangi (Nairobi)

Ndugu, usiongeze. Jibu umeliandika mwenyewe: wanakufa Jumapili na Jumatatu, yaani baada ya Jumamosi.

Ndani ya sponji na changarawe wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati. Amonia na nitriti ndizo zinazoua, nitrati uduvi anaivumilia ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita. Ukiosha sponji kwa maji ya bomba, klorini inawaua hao bakteria, na ukiosha changarawe siku hiyo hiyo umefuta waliobaki. Kila Jumamosi unalirudisha tangi lako siku ya kwanza, wakati tangi jipya linahitaji wiki nne hadi sita kukomaa.

Halafu nusu ya maji kwa mkupuo mmoja ni mengi mno kwa uduvi. Akipata maji yenye madini au joto tofauti ghafla, anajivua gamba kabla ya wakati, na kama gamba la chini halijawa tayari anakufia humo humo. Waangalie waliokufa: ukiona mkanda mweupe umezunguka mwili nyuma ya kichwa, ndiyo hiyo. Na jike akijivua gamba akiwa na mayai, mayai yanaondoka na gamba, kwa sababu yameshikana na miguu ya kuogelea iliyo sehemu ya gamba lile. Mara yako ya kwanza nadhani ilikuwa hivyo.

Kuhusu filta, kwa kuzalisha mimi nachagua sponji ya pampu bila kusita. Filta ya kuning'inia inavuta maji kwa mdomo wenye nafasi, na kifaranga wa uduvi akitoka kwenye yai ana milimita mbili hivi. Anaingia ndani, anasagwa na feni ya filta. Hiyo huenda ndiyo mara yako ya pili. Sponji haivuti kwa nguvu, na juu yake vifaranga wanalisha kutwa nzima.

Kuisafisha: mara moja kwa wiki tatu au nne, au ukiona mapovu yamepungua. Unachota maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo, unaikamua humo mara mbili tatu, unairudisha ikiwa bado ya kahawia. Ikirudi rangi yake umeharibu.

Bi_Mkungu (Mombasa)

Asalaam alaikum. Mwanangu Chaza, mimi sina filta wala pampu, mwaka wa tatu huu, tangi la lita 60 lipo barazani penye mwanga usio wa jua kali. Nilianza na uduvi kumi, sasa siwahesabu. Kwa hiyo mimea mitupu inawezekana, ila si kwa mtu mwenye haraka.

Siri ni ule utelezi. Ukipitisha kidole juu ya jani la zamani ndani ya maji unahisi kitu kama ute. Ndiyo maziwa ya vifaranga. Kifaranga hawezi kukimbilia punje ya chakula kona ya pili ya tangi, anakula hapo hapo aliposhika. Wewe ukisugua kioo pande nne umemnyang'anya sahani. Mimi nasugua kioo cha mbele peke yake, kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, ili niwaone. Pande tatu zilizobaki zina mwani wa kijani, sizigusi.

Utelezi mwingi unatoka kwenye majani ya mti wa mkungu, ule unaozaa kungu. Uarabuni na Ulaya watu wanayanunua kwa pakiti, sisi tunayafagia uani! Chukua lililoanguka lenyewe, limekauka na kuwa la kahawia, lisiwe limeokotwa kando ya barabara ya magari. Lioshe, limwagie maji ya moto, litie moja kwa tangi lako. Maji yatageuka rangi ya chai nyepesi, usiyatoe kwa ajili hiyo. Jani litabaki mishipa mitupu kama wavu, hapo unatia lingine.

Kwa gamba, mimi naokota ufukweni ule mfupa mweupe wa dome, yule mnyama wa bahari wa jamii ya ngisi. Nauloweka siku tatu nikibadilisha maji mpaka chumvi itoke, kisha naweka kipande cha kucha mbili. Wanakaa juu yake wakikwangua.

Maji yakipungua naongeza ya mvua. Kubadilisha, labda ndoo ndogo moja kwa mwezi.

Nyanza_Maji (Mwanza)

Namheshimu Bi Mkungu, na ninaamini tangi lake lina afya, ila kwa Dar sikubaliani na maji yaliyosimama. Tangi lisilo na samaki na lisilotikisika juu ni nyumba ya viluwiluwi vya mbu, na uduvi hawawali kiasi cha kuwamaliza. Dar ilipata homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda hasa maji ya vyombo vya nyumbani. Mapovu ya sponji yanatikisa uso wa maji, mbu hapendi kutaga hapo. Kwangu hilo peke yake linatosha kuchagua sponji. Anayetaka bila filta afunike kwa chandarua.

Jambo la pili ni umeme. Ukikatika kwa muda wa saa sita, filta ya kuning'inia inabaki na maji yaliyofungiwa, bakteria wanakosa hewa, wanakufa, na umeme ukirudi uchafu wote unasukumwa ndani ya tangi. Sponji iko wazi ndani ya tangi, inavumilia. Pampu ndogo ya betri inaweza kuiendesha usiku mzima. Iweke pampu juu kuliko uso wa maji, au weka vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo maji yatarudi kwa mpira hadi kwenye pampu na sakafuni.

Na ombi langu kama mtu wa ziwani: maji unayofyonza mwagia maua, usimwage kwenye mtaro. Huku kwetu tuna uduvi wetu wa asili, Caridina nilotica, mvuvi anawapata pamoja na dagaa na wanaishia kwenye chakula cha kuku. Hao cheri asili yao ni Asia ya Mashariki. Ujerumani wameshazaliana kwenye kijito cha Gillbach, kinachopata maji ya uvuguvugu kutoka mtambo wa umeme. Maji yetu ni ya uvuguvugu mwaka mzima.

Kaka_Chujio (Arusha)

Filta ya kuning'inia mnaionea kidogo. Nikiuvika mdomo wake kipande cha sponji au soksi ya nailoni iliyofungwa kwa uzi, sipotezi kifaranga. Maji yanakuwa safi zaidi ya sponji, na kwa tangi lenye uduvi mia mbili nguvu hiyo inahitajika. Kasoro yake ni kwamba soksi inaziba kila wiki, ukisahau injini inaungua. Kama Chaza hana hela ya kununua pampu leo, aanze na soksi leo.

FundiTangi (Nairobi)

Kaka Chujio yuko sawa kwa hilo la kuanzia. Ila Nyanza_Maji, chandarua hapana! Vyandarua vingi tulivyo navyo, hasa vya kugawiwa, vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi. Mvuke ukiganda na kudondoka, au kona ikigusa maji, uduvi wote wanakwisha. Atumie kitambaa cha pazia jepesi, kilichooshwa kwa maji matupu.

Chaza, na hapo nina swali: chumba lilipo tangi mnapuliza dawa ya mbu?

Chaza_Tabata (Dar es Salaam)

Shikamoo Bi Mkungu, na asanteni nyote.

Fundi, tunapuliza. Kila jioni kabla ya kulala, tangi liko sebuleni. Nafunika na gazeti.

FundiTangi (Nairobi)

Gazeti halitoshi, na ukinunua pampu ya hewa ndiyo hatari zaidi, maana pampu inavuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji. Dawa inayoua mbu inaua uduvi kwa kiasi kidogo sana, wote ni jamii ya wenye miguu ya viungo. Hamisha tangi lifike chumba kisichopulizwa. Mikono ikiwa na mafuta ya kufukuza mbu usiitie majini. Mchicha wa sokoni uoshe sana kabla ya kuwapa, na dawa ya samaki yenye shaba usiilete karibu.

Mpemba_Muscat (Oman)

Nimechelewa, lakini joto hamkuligusa. Chaza, maji yako nyuzi ngapi? Cheri anazaa vizuri kati ya 22 na 26. Akifika 30 hewa inapungua majini, majike wanaacha kubeba au wanatupa mayai. Mimi huku bila kiyoyozi nisingefuga.

Njia rahisi ni feni ndogo ya kompyuta ikipuliza juu ya maji, inashusha nyuzi mbili tatu. Ila maji yanakauka haraka na madini yanabaki, kwa hiyo unachoongezea kiwe maji laini, yaani yenye madini kidogo. Hapa Muscat maji ya bomba mengi ni ya bahari yaliyotolewa chumvi. Huko Dar usijaribu ya kisima, visima vingi vya pwani vina chumvi. Tumia ya mvua kama Bi Mkungu, ambayo hayakupitia bati lenye kutu. Kipimo cha madini cha kalamu si ghali, mimi nashikilia kati ya 180 na 220 ppm (sehemu kwa milioni) na sihangaiki na kingine.

Chaza_Tabata (Dar es Salaam)

Nimepima, nyuzi 29 mchana. Nimeamua hivi: sponji ya pampu, tangi nimelihamishia korido ya ndani ambako hatupulizi, feni juu. Jani la mkungu nimeliokota uani kwa shangazi. Nusu ya maji nimeacha. Nitafyonza lita nne kwa wiki kwa mpira mwembamba wa hewa, na maji ya bomba nitayaacha kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kutia. Sawa?

Bi_Mkungu (Mombasa)

Sawa mwanangu. Ukifyonza, elekeza mpira kwenye ndoo nyeupe, uiache dakika kumi, kisha umulike kwa tochi kabla ya kumwaga. Utakuta vifaranga humo, warudishe kwa kijiko. Maji mapya yatie tone kwa tone, funga fundo kwenye mpira. Na chakula, wasichomaliza kwa saa mbili kitoe.

Chaza_Tabata (Dar es Salaam)

Wiki ya tisa leo tangu nibadilishe. Amekufa mmoja tu, wiki ya kwanza. Jike alibeba mayai siku 23, na usiku wa kuamkia jana nimemulika sponji nikahesabu vifaranga 17 kabla hawajanichanganya. Kioo cha nyuma kimekuwa kijani kabisa, mke wangu ananiuliza mbona nimeacha kusafisha.

Ila nimeona vijidudu vyeupe vinatambaa kwenye kioo, bapa, kichwa kama mshale. Ni nini hivyo?

FundiTangi (Nairobi)

Planaria, aina ya minyoo bapa. Umeanza kuwalisha uduvi kupita kiasi. Usiwape chochote siku nne, majani yanawatosha, na usiku tega kichupa chenye tundu dogo na kipande cha nyama ndani. Asubuhi kitoe, uangalie kwanza kama hakuna kifaranga aliyeingia.